Ndege wa kaskazi na ndege wa kusi: mwongozo kamili wa kuwatambua ndege wageni Mida, Watamu na Sabaki

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi na moja simu yangu inaanza kujaa picha. Ndege wa kijivu kasimama kwenye tope, picha imepigwa mbali halafu imevutwa mpaka imekuwa chengachenga, na chini yake wameandika "huyu nani?" Na mimi jibu langu huwa ni swali: umempiga lini, na maji yalikuwa yanajaa ama yanapwa? Watu wanaona kama nawazungusha lakini wapi, hapa pwani yetu ya Kilifi ukishajua mwezi ushakata orodha nusu kabla hata hujatazama mdomo, na ukijua maji ushajua yule ndege alikuwa anafanya nini pale.

Kwa hiyo mwongozo huu ntauanza kinyume na vile watu wengi wanaanza. Rangi tutaiweka mwisho kabisa, maana hawa wageni wakiwa kwetu wengi wamevua nguo za harusi na kuvaa za shamba, kijivu juu, nyeupe chini, basi. Zile rangi nzuri za kwenye vitabu ni za kule wanakozalia.

Hatua ya 1: Jua upepo gani unavuma

Wavuvi wetu hawahitaji kalenda kwa hili. Kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi, kusi inashika kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na katikati hapo mwezi wa kumi kuna matlai. Ndege nao wamejigawa hivyohivyo.

Ndege wa kaskazi ndio wengi. Hawa wanatoka Siberia, Ulaya, Asia ya kati, Uarabuni, wanakimbia baridi kule na kuja kula huku. Wa kwanza wanafika mapema kuliko watu wanavyodhani, mwezi wa nane tu utaona wakubwa waliomaliza kuzaa wameshatua, halafu watoto wanafuata baadaye, na ikifika mwisho wa Aprili karibu wote wameondoka.

Ndege wa kusi watu hawawajui sana na mimi huwa inaniuma kidogo, maana mtu anaweka darubini kabatini mwezi wa nne akidhani msimu umeisha. Kumbe ndio kwanza wengine wanaingia, wanatoka Madagaska na kusini mwa Afrika, wanakaa na sisi miezi ileile ambayo bahari imechafuka na watalii wamepungua.

Halafu kuna wageni wa kiafrika tu, ambao wanakuja na kaskazi lakini Ulaya hawajawahi kuiona. Yule keremkerem mwekundu wa kung'aa, Merops nubicus, anazalia kule ukanda wa chini ya Sahara upande wa Ethiopia na kwengineko, anatushukia kuanzia Septemba mpaka Machi, na jioni wanakuja kulala kwenye mikoko ya Mida, ile hori ya bahari karibu na Watamu. Usimkose, jua likiwa linazama wanaingia makundi kwa makundi mpaka mkoko unaonekana kama umeshika moto.

Tahadhari moja hapa: mwezi unakupa nusu ya jibu tu. Ndege wengi wa ufukweni wakiwa na umri wa mwaka mmoja hawarudi kwao, wanabaki huku kusi yote kwa sababu hawajafika umri wa kuzaa. Kwa hiyo ukiona sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, mwezi wa sita usishtuke na usiandike kwamba dunia imeharibika.

Hatua ya 2: Panga safari kwa maji

Hili ndilo wageni wa bara wanakosea sana. Wanafika Mida saa nne asubuhi siku ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji yamepwa yote, tope limefunguka hadi kule, ndege wamesambaa mbali wanaonekana kama pilipili manga, wanarudi nyumbani wanasema hakuna kitu.

Siku za bamvua kwetu maji yanajaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanapwa kama saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa wewe unataka kuwa pale masaa mawili matatu kabla hayajajaa, ukae kimya, maji yenyewe yatakuletea ndege, kila tope linavyofunikwa wanasogea, wanasogea, mpaka wako mbele yako. Na kama uko upande wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, kwenye lile daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko, jua la mchana linakuwa mgongoni mwako. Bamvua, saa nane mchana, jua nyuma: hiyo ndiyo fomula yangu na sijaibadilisha miaka.

Maji mafu, zile siku maji hayajai wala hayapwi sana, hayana raha sana, ndege hawasukumwi karibu. Siku hizo nenda msituni Arabuko-Sokoke au Gede.

Viatu: usivae ndala. Tope la Mida linameza ndala, mimi lishanimeza tatu na zote za kulia.

Hatua ya 3: Ukubwa, lakini kwa ndege unaowajua

Usiandike sentimita, hakuna anayejua sentimita ngapi akiwa mita 80. Linganisha: ni kama shomoro, kama njiwa, kama kunguru, ama ni kama kuku? Na ikiwezekana mlinganishe na aliyesimama ubavuni mwake, maana peke yake kwenye tope tupu kila ndege anaonekana mkubwa.

Baada ya hapo mdomo. Pima mdomo kwa kichwa chake mwenyewe: ni mfupi kuliko kichwa, sawa na kichwa, mara mbili, mara tatu? Umenyooka, umepinda chini, umepinda juu? Haya mawili, ukubwa na mdomo, yanamaliza kazi kubwa kuliko rangi zote.

Hatua ya 4: Mtazame anavyotembea

Mzee mmoja mvuvi wa Dabaso ndiye alinifundisha hii, hakuwa na darubini na macho yalishaanza ukungu, lakini alikuwa ananitajia ndege kabla mimi sijamaliza kurekebisha lenzi. Alikuwa anaangalia mwendo. Sasa kwa Kiswahili chetu wale wadogo wote wa ufukweni ni vitwitwi, jina moja kwa ndege labda kumi na tano, ila ukikaa nao nusu saa utaona hata wawili hawatembei sawa. Ntakupa wale wa kuanza nao.

Anayekimbia na wimbi. Mweupe kuliko wote, mdogo, mdomo mweusi ulionyooka, anafuata wimbi likirudi anadonoa, likija anakimbia miguu haionekani kama mdoli wa kutiwa ufunguo. Huyo ni Calidris alba, yuko kwenye mchanga wa Watamu na Sabaki kuliko kwenye tope. Ukimwona karibu mwangalie mguu, hana kidole cha nyuma.

Anayetikisa mkia. Yuko peke yake, kwenye mwamba, kwenye gati, hata kwenye mfereji wa maji machafu mjini, makalio hayatulii hata sekunde. Ana kipande cheupe kinachopanda mbele ya bawa, kama shati limetokeza kwenye koti. Actitis hypoleucos. Huyu mara nyingi ndiye wa kwanza kufika.

Anayekimbia kainama. Miguu mifupi ya rangi ya chungwa au njano, mdomo mrefu umepinda juu, anakimbiza vikaa huku na huku kama mtu anayekimbiza kuku wa sikukuu. Xenus cinereus, na Mida ni mahali pazuri sana pa kumwona.

Anayekimbia, anasimama, anatazama, anadonoa mara moja. Hiyo ndiyo tabia ya ukoo wote wa Charadrius na jamaa zake, macho makubwa, mdomo mfupi, wanawinda kwa kuona. Wale wengine kina Calidris wanashona tope kama cherehani, wao wanawinda kwa kupapasa. Ukishatenganisha washonaji na wasimamaji umeshafaulu nusu ya mtihani.

Kati ya washonaji, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini taratibu, akiruka mgongo juu ya mkia ni mweupe, ni Calidris ferruginea, anazalia Siberia kaskazini kabisa. Mdogo kabisa kuliko wote, saizi ya shomoro, mdomo mfupi mweusi, miguu myeusi, ni Calidris minuta.

Kati ya wasimamaji kuna mkubwa wa kijivu mwenye sura ya huzuni, Pluvialis squatarola. Msubiri aruke, ana weusi kwapani. Ndiyo, kwapani, kama mtu aliyetoka jasho. Hakuna mwingine hapa mwenye hiyo alama.

Na sululu jina limemfaa, mdomo ni uleule wa sululu ya kuchimbia. Wako wawili lakini: mwenye mistari ya giza utosini na mdomo unaokunjika ghafla karibu na ncha ni Numenius phaeopus, ndiye wa kila siku, akiruka anapiga filimbi fupi fupi kama saba za haraka. Asiye na mistari, mkubwa zaidi, mdomo mrefu mpaka unajiuliza anaubebaje, ni Numenius arquata.

Hatua ya 5: Mla-kaa, huyu nampa sehemu yake

Mimi namwita mla-kaa, kitaalamu Dromas ardeola. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mnene mweusi kama nyundo. Huwezi kumkosea. Anazalia fukwe za Oman, Iran, Eritrea, Somalia na majirani zao, tena anachimba shimo mchangani kama panya na kutaga yai moja jeupe, joto la mchanga linasaidia kulilea. Hakuna ndege mwingine wa ufukweni anayefanya hivyo.

Sasa kitu cha kutazama ni hiki: ukiona kundi Mida mwezi wa kumi na moja, tafuta mmoja mwenye mgongo wa kijivujivu badala ya mweusi safi, huyo ni mtoto. Utamwona anamfuata mkubwa mmoja, kainamisha kichwa, analia analia. Mkubwa anashika kaa, anamvunja miguu, mtoto anakuja mbio anapokea. Safari yote hiyo kutoka Uarabuni na bado analishwa! Mara ya kwanza kuona nilicheka peke yangu, nilikumbuka binamu yangu fulani wa miaka thelathini na mbili.

Hatua ya 6: Waya wa umeme na kosa langu la mwezi wa saba

Siyo wote wako kwenye maji. Ukitoka Gede kwenda Malindi tazama nyaya.

Mwaka mmoja mwezi wa saba nilimwona keremkerem wa kijani kwenye waya, mrefu, mkia una sindano, nikawaambia wenzangu huyu ni Merops persicus, yule wa Asia. Nikabishana jioni nzima. Mwenzangu mmoja akaniuliza tu kwa upole, sasa wa Asia anafanya nini hapa Julai? Nikanyamaza. Ni hivi: kuna wawili wanaofanana kabisa, persicus anakuja na kaskazi, Novemba mpaka Machi, na Merops superciliosus, mtu wa Madagaska na jirani zake, huku kwetu tunamwona sana sana kusi, Mei mpaka Septemba, ingawa wachache hupatikana nje ya hapo. Ukiwa karibu tazama utosi: persicus utosi ni kijani na kandokando ya jicho kuna ubuluu, kidevu cha njano. Superciliosus utosi ni wa rangi ya zeituni iliyochujuka, una mstari mweupe juu na chini ya weusi wa jicho, na koo ni hudhurungi. Lakini kama uko kwenye matatu na umempita kwa sekunde mbili, mwezi utakusaidia kuliko utosi.

Kambu vilevile. Yule mwenye kifua cha zambarau na nyuzi mbili mkiani yuko Kenya mwaka mzima. Mwenye kifua cha buluu tupu, mgongo wa kahawia, mkia hauna nyuzi, huyo ni Coracias garrulus, mgeni wa kaskazi.

Mbayuwayu: mgeni, Hirundo rustica, ana koo jekundu na mkanda wa giza kifuani. Wetu mwenye kofia nyekundu na kifua cheupe kitupu ni mwenyeji. Machi utawaona wale wageni wamejipanga kwenye waya mamia, wiki inayofuata hakuna hata mmoja.

Na vuli ikinyesha, Novemba Desemba, kumbikumbi wakitoka, inua macho. Kozi wadogo wa Amur, Falco amurensis, wanapita makundi, wamevuka India na bahari yote wakisukumwa na upepo wa kaskazi, wanaenda kusini mwa Afrika. Dume ni kijivu cha giza, miguu ya chungwa, chini ya bawa mbele ni peupe. Akiwa kijivu mtupu, mabawa marefu mno, peke yake, mfikirie Falco concolor, ambaye anazalia majangwa na visiwa vya Uarabuni na kwenda zake Madagaska.

Hatua ya 7: Kusi, usilale

Nenda Sabaki, kule mto unapoingia baharini kaskazini ya Malindi, kati ya Aprili na Septemba. Kuna ndege wa kahawia wenye mabawa kama mbayuwayu na tumbo la rangi ya kutu, wamelala mchangani huwaoni mpaka wainuke. Glareola ocularis, wanatoka Madagaska. Nenda na kijana wa hapo kijijini, anajua njia na anajua viboko wako wapi, maana viboko wapo kweli, na kiboko wa mtoni hana mzaha.

Pia kuna kulastara mdogo wa Madagaska, Ardeola idae, ambaye yuko hatarini kutoweka duniani. Anafanana sana na yule wetu, ila michirizi ya kifuani ni minene zaidi na mdomo umeshiba. Kama huna uhakika piga picha ya kifua na mdomo, si ya mabawa.

Na Gede, ndani ya magofu, Mei mpaka Oktoba, kanyaga majani polepole. Pitta angolensis anaruka ruka chini ya miti, tumbo jekundu, mgongo kijani, na kumwona ni bahati. Mimi nimeenda mara nyingi sana, nimemwona mara mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa mgongo tu.

Hatua ya 8: Andika palepale

Kichwa kinadanganya, ukifika nyumbani umeshaongeza rangi ambazo hukuziona. Mimi naandika hivi, kwenye kijidaftari cha mfukoni:

"12 Nov. Mida, daraja la mbao. Saa nane u nusu, maji yanajaa. Kitwitwi 1, mkubwa kuliko minuta, mdogo kuliko njiwa. Mdomo kichwa kimoja na nusu, umepinda chini. Anashona. Miguu myeusi. Aliruka: mgongo mweupe juu ya mkia. Sauti: chirrip."

Hapo hata jina sijaandika na mtu yeyote atajua ni ferruginea.

Simu inasaidia, Merlin, programu ya kutambua ndege, ni ya bure, lakini hakikisha umeweka mahali na tarehe sahihi, ukiiacha kwenye tarehe ya leo na picha ni ya Februari itakupa majibu ya ajabu. Ukitumia BirdLasser, programu ya kuandikia ndege uliowaona, orodha yako inaweza kuingia kwenye Kenya Bird Map, ramani ambayo imegawa nchi kwa viboksi vya kama kilomita tisa kwa tisa, na viboksi vingi vya ndani ndani huko Kilifi havina watu wa kutosha wa kuandika. Darubini ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha, ya mara 10 inatikisika mkononi upepo ukivuma.

Hatua ya 9: Aprili, mwezi wa kujifunza

Kama unaanza, anza wiki za mwisho za Machi na mwanzo wa Aprili. Ndege wengi wanakuwa wameanza kuvaa tayari kwa safari, ferruginea anakuwa mwekundu wa tofali, squatarola tumbo linageuka jeusi, wale wasimamaji wadogo wanapata kifua cha chungwa. Kwa wiki chache kitabu na ndege vinafanana. Mjue akiwa amevaa, halafu Novemba akirudi na kijivu chake utamtambua kwa mdomo na mwendo.

Ila hizo ndizo wiki za kutowasumbua. Wanajaza mafuta mwilini, na kila ukiwarusha wanachoma walichokula. Maji yakijaa na wamelala pamoja kwenye kipande kilichobaki, kaa mbali, na mbwa afungwe.

Kuna wawili ambao wataendelea kukusumbua hata mwaka wa tano, wale wasimamaji wadogo wa kijivu, mkubwa na mdogo wa jamii moja, leschenaultii ndiye mkubwa, na mwenzake mdogo. Kanuni ni mdomo: wa mkubwa ni mrefu kuliko umbali wa kutoka mzizi wa mdomo mpaka nyuma ya jicho, na miguu yake inaelekea kijani, ya mdogo inaelekea weusi. Ukimwona akiwa peke yake mbali na jua liko mbele yako, andika "kitwitwi msimamaji, hajulikani" na usonge mbele, mimi daftari langu limejaa hao.

Na ukimkuta aliyekufa ana pete ya chuma mguuni, ama aliye hai na pete inasomeka kwenye picha, andika namba yote na maneno yote, tarehe na mahali, uwapelekee Makumbusho ya Taifa Nairobi. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, wamekuwa wakivisha ndege pete tangu 1969, usiku wa ukungu Novemba na Desemba ndege wanavutwa na taa za hoteli, hivyo pete zipo nyingi zinazunguka, na yako inaweza kuwa moja.